Gari Linalopona Likimwona Fundi

Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo mlango wa pantoni ulipotua upande wa Magogoni ulibaki na mwinuko mkali. Wenye miguu walishaanza kukimbia, bodaboda zinaunguruma, na dereva wa Noah nyuma yangu ameshapiga honi ya kwanza, ile fupi ya ustaarabu. Nikazungusha funguo. Ka. Sauti moja kavu, kama mtu aliyegonga meza kwa kifundo cha kidole, halafu kimya. Taa za dashibodi zinawaka. Redio inaendelea kusoma vichwa vya habari vya magazeti. Injini haijagutuka hata kidogo.

Nikarudia. Ka. Honi ya pili haikuwa ya ustaarabu.

"Dada, tia gia ya pili, tukisukuma uachie klachi!"

"Ni otomatiki."

Pakapita kimya kifupi, kile cha watu wanaokuhurumia na kukulaani kwa pamoja. Kisha mmoja akasema, "Basi weka N, shusha hendibreki."

Wanaume sita walinipandisha ule mwinuko, mmoja wao akisukuma kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulishika ndoo tupu ya kwenda kununulia samaki. Tulipofika juu niliweka P, nikajaribu tena kwa aibu tu. Likawaka. Kwa mguso mmoja, laini, kama gari lililotoka dukani. Yule wa ndoo aliniangalia kwa muda mrefu. Nadhani mpaka leo anaamini nilikuwa nimesahau namna ya kuwasha gari.

Gari lenyewe ni Toyota Carina ya mwaka 1999, injini ya lita 1.5. Sina kinyongo na waliolitengeneza. Limevuka bahari kuu mara moja na mlango wa bandari ya Dar es Salaam mara elfu kadhaa, na hewa ya chumvi ya huku kwetu Kigamboni hula hata mabati ya choo. Kuugua ni haki yake. Nilichoshindwa kuvumilia ni namna lilivyougua: siku tatu linawaka vizuri, siku ya nne limegoma, dakika mbili baadaye linawaka tena. Na kila nilipolipeleka kwa fundi, lilifika likiwaka kwa adabu zote, mimi nimesimama pembeni naonekana mzushi.

Nikiri kwanza matumizi yangu, maana mimi ni mhasibu na kitabu lazima kifungwe kwa haki. Fundi wa kwanza, bila kufungua boneti, alisema betri. Nikanunua betri mpya, shilingi 210,000. Gari likawaka vizuri kwa wiki moja, nikajipongeza. Kisha ndiyo ikaja ile asubuhi ya pantoni. Fundi wa pili akasema alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiunguruma, haichaji sawasawa, akabadilisha kaboni zake, 65,000. Alipokuwa humo humo akanishauri nibadilishe na plagi zote nne, "ili tuwe na uhakika." 40,000. Jumla 315,000, na hakuna kati yetu aliyekuwa amepima kitu chochote.

Zile plagi ndizo zinazoniuma zaidi, kwa sababu hata mtoto angeweza kunizuia. Kuna swali moja linalotangulia yote: injini inazunguka au haizunguki? Ukipiga stata, ile mota ya umeme inayoizungusha injini mpaka iwake, ukasikia ule mlio wa kuhangaika, nyee-nyee-nyee, ila gari haliwaki, basi stata imefanya kazi yake na ugonjwa uko kwenye mafuta, hewa au moto wa plagi. Hapo zungumza habari za pampu, filta, plagi. Lakini injini isipozunguka kabisa, plagi hata ziwe za dhahabu hazijaitwa kazini bado. Langu lilikuwa halizunguki. Nilikuwa nimemnunulia miwani mtu anayeumwa goti.

Sauti nayo ina lugha yake. Kakakakaka ya haraka haraka, huku taa zinafifia, mara nyingi ni betri iliyoishiwa nguvu au vichwa vyake vimelegea: swichi ya stata inafunga, umeme unadondoka, inaachia, inafunga tena. Kuzunguka kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa alfajiri ya baridi, ni betri dhaifu au nyaya zinazobana umeme. Kimya kabisa, bila hata ka, kunakupeleka kwenye swichi ya funguo, rilei, fyuzi, au, kwa magari ya otomatiki, ile swichi ya gia inayozuia gari kuwaka mpaka iwe kwenye P au N. Ndiyo maana gari lililokataa kwenye P wakati mwingine hukubali ukilipeleka N. Na ile ka moja, iliyoshiba, halafu kimya? Hiyo ilinichukua miezi miwili.

Baada ya pantoni nilianza daftari. Wenzangu ofisini walicheka, lakini kazini kwetu hesabu isiyooana haitafutwi kwa kukisia; unarudi kwenye miamala mmoja mmoja. Niliandika kila nilipowasha gari: tarehe, saa, limekaa muda gani limezimwa, injini ya moto au ya baridi, sauti gani, na nini kilifanya likubali. Wiki tatu zikanipa mistari 58. Liligoma mara 7. Zote saba zilikuwa ka moja. Na hakuna hata moja iliyotokea asubuhi nyumbani, baada ya gari kulala usiku kucha. Tano kati ya saba zilitokea injini ikiwa ya moto, nimesimama kidogo: sheli, dukani, kwenye pantoni.

Mstari huo wa asubuhi ungeniokolea 210,000. Betri iliyochoka hudhihirika asubuhi, baada ya saa nyingi za kutochajiwa. Haiamki vizuri alfajiri halafu ikagoma saa nne baada ya kuendeshwa kilomita ishirini.

Nikaenda Kariakoo nikanunua mita ya umeme ya mkononi kwa 20,000. Ni kidude cha njano chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, na kwa kazi ya gari unahitaji sehemu yake moja tu: volti za umeme wa betri. Betri nzima iliyopumzika saa kadhaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi, na kwenye 12.0 usiende nayo mbali. Gari likiwa linaunguruma, namba ipande ifike kati ya 13.8 na 14.4 au hapo karibu. Hapo ujue alteneta inachaji. Wakati wa kupiga stata itadondoka, na hilo ni la kawaida, ila ikishuka chini ya 9.6 betri haina pumzi. Yangu ilisoma 12.6, ikashuka 10.6 stata inapovuta, ikapanda 14.2. Kwa maneno mengine, betri safi, alteneta safi, na pengine vyote vilikuwa safi kabla sijavilipia.

Kipimo kilichonifungua macho ni kingine. Tulichomoa fyuzi ya mfumo wa mafuta ili injini izunguke bila kuwaka. Mwanangu, ambaye yuko sekondari, akakaa kwenye usukani. Mimi nikagusisha waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na mwingine kwenye chuma cha injini yenyewe. Kwa akili ya kawaida vitu hivyo viwili ni kitu kimoja, vimeunganishwa kwa waya mnene wa ethi, ule wa kurudishia umeme kwenye betri, kwa hiyo mita isome karibu sifuri. "Piga!" Akapiga. 0.9.

Volti nzima kasoro kidogo inapotelea njiani, kwenye njia ya kurudi ambayo hakuna fundi aliyeitazama. Stata ya gari dogo huvuta ampea mia moja hadi mia mbili kwa zile sekunde chache. Kwenye mkondo mkubwa namna hiyo, kutu ndogo ina gharama kubwa: ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, ukipitisha ampea 150, unakula volti 1.5. "Mama, si ndiyo V sawa na I mara R hiyo?" mwanangu akasema, akishangaa kwamba kitu cha darasani kimeonekana uani kwetu. Ndiyo hiyo: volti ni ampea mara ukinzani. Na ndiyo sababu taa na redio zilikuwa zinaendelea kama kawaida: zinataka ampea chache. Mtaro ulioziba nusu hupitisha maji ya kunawia bila shida. Masika ndiyo huutangaza.

Tukaufuata ule waya wa ethi kwa mkono mpaka ulipofungwa kwenye giaboksi. Ncha yake ilikuwa na unga wa kijani na mweupe, kama ukoko wa chumvi kwenye mashua. Spana, brashi ya waya, msasa, maji ya magadi kwenye vichwa vya betri kula ile asidi, kausha, kaza, paka mafuta ya mgando. Nusu saa. Tukapima tena: 0.1.

Nilikula chakula cha usiku kwa furaha ambayo mume wangu aliiona haina uwiano na tukio. Siku tisa zilipita bila ka hata moja.

Siku ya kumi tulikuwa msibani Mbagala. Watu wamesimama wanataka kwenda makaburini, magari yamepangwa foleni, langu la tatu. Ka.

Mjomba wangu, ambaye ujana wake wote aliuendesha kwenye malori ya kwenda Tunduma, alitoka kwenye kivuli bila haraka. Aliniambia nirudie mara mbili huku taa za mbele zimewashwa, yeye amesimama mbele ya gari anazitazama. "Hazififii," akasema. Mimi sikuelewa umuhimu wake. Akaomba chuma cha kufungulia nati za tairi, akahakikisha nimeweka P na kuvuta hendibreki, akakipenyeza chini pembeni ya giaboksi na kugonga kitu mara tatu, si kwa nguvu, kama anayebisha hodi. "Piga sasa." Likawaka. Msiba mzima ukageuka.

"Ugonjwa wako umo kwenye stata, mama," akasema akifuta mikono. "Ila usifanye mazoea. Kugonga hakutibu. Ni kumwamsha mgonjwa aende hospitali kwa miguu yake."

Jioni alinieleza zile taa. Betri ikiwa dhaifu, au stata ikiwa inavuta lakini imekwama, taa hufifia sana kwa sababu umeme wote unakimbilia huko. Taa zikibaki na mwanga wake huku unasikia ka, maana yake umeme haujaenda popote. Kuna mlango umefungwa kabla ya kufika kwenye mota ya stata. Hajawahi kumiliki mita. Amesoma volti kwa macho miaka arobaini.

Yeye alianza kama utingo enzi lori linawashwa kwa hendeli, ile fimbo ya chuma inayoingizwa mbele ya injini. Dole gumba, anasema, unaliweka upande mmoja na vidole vingine, hulizungushi kuikumbatia, kwa sababu injini ikirudisha nyuma inakuvunja. Wengi walivunjika mikono duniani kote kabla stata ya umeme haijaja. Aliyeiwezesha kwenye magari, Mmarekani Charles Kettering, alikuwa ametoka kutengeneza mota ndogo za kuendeshea mashine za kuhesabia fedha madukani. Jambo ambalo mimi kama mhasibu nimelipokea kwa fahari isiyonihusu. Alichojua kutokana na mashine zile ni kwamba mota inayofanya kazi kwa sekunde chache tu inaweza kubebeshwa mzigo ambao ingeungua kama ingeubeba kutwa. Cadillac wakaiweka kwenye magari yao ya mwaka 1912. Ndiyo maana pia hupaswi kung'ang'ania stata kwa nusu dakika: imeumbwa kwa mbio fupi.

Mjomba akanielekeza kwa fundi mmoja wa eneo la Gerezani, mtu wa stata na alteneta tu, meza yake imejaa mota zilizofunguliwa kama samaki waliotumbuliwa. Nikampa daftari. Alilisoma lote, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kisha akaniambia maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kwa mwenzake yeyote: "Sifungui kitu mpaka ligome mbele yangu."

Tukazunguka mitaa kadhaa injini ipate moto. Akaunganisha mita kwenye stata, akaniambia niwashe na kuzima, niwashe na kuzima. Mara kumi na tatu likakubali. Nilianza kuona aibu ileile. Mara ya kumi na nne: ka.

"Shikilia hapo!" Akasoma haraka. Kwenye nati kubwa inayopokea waya mnene kutoka betri, 12.4. Kwenye waya mdogo unaoleta amri kutoka kwenye funguo, 11.6. Kwenye nati ya pili, ile inayopeleka umeme ndani ya mota, sifuri. Umeme umefika mlangoni, amri ya kufungua imefika, na ndani hakuna kilichoingia. Hiyo tu. Betri, alteneta, funguo, rilei, ethi, vyote vikatoka mahakamani kwa mpigo.

Alifungua kichwa cha hasi cha betri kwanza, kabla ya kugusa chochote. Ule waya mnene wa stata hauna fyuzi inayolinda, na spana ikigusa huku na bodi la gari kwa pamoja utaona radi mchana. Stata ikashushwa, boliti tatu ndogo za mfuniko wa solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, zikatoka, na yeye akanisogezea ile kitu kwenye mwanga.

Ndani kuna pistoni ndogo. Mgongoni mwake imebeba sahani ya shaba, kama sarafu ya shilingi 500 iliyotobolewa katikati. Mbele yake kuna vipande viwili vya shaba, kimoja cha upande wa betri, kingine cha upande wa mota. Ukizungusha funguo, sumaku inaivuta pistoni, sahani inavigonga vile vipande viwili kwa pamoja na kuviunganisha. Hiyo ndiyo ka. Kila safari cheche kidogo inakula shaba kidogo. Cha upande wa betri kilikuwa kimelika mpaka kimeweka ngazi, cheusi. Cha pili kilikuwa bado kina unene. Sahani yenyewe ilikuwa na makovu upande mmoja, na upande mwingine inang'aa.

"Sasa tazama," akasema, akaigusa sahani kwa ncha ya kidole. Ikazunguka yenyewe, kwa uhuru, kama gurudumu la mwanasesere. Haijafungwa isizunguke. Kila inapovutwa na kurudi inaweza kukaa upande mwingine kidogo. Ikiangukia sehemu inayong'aa, gari linawaka kwa mguso mmoja. Ikiangukia penye kovu, ka.

Nilikaa kwenye kigoda chake nikacheka peke yangu. Miezi miwili ya "leo linawaka, kesho linagoma" ilikuwa ni sahani inayozunguka. Ndiyo maana wanaume sita walinisukuma bure: katikati ya kusukumwa na kujaribu tena, sahani iligeuka. Ndiyo maana hodi za mjomba zilifanya kazi. Na moto wa injini ulikuwa unaongeza: shaba ikipata nyuzi 60 zaidi za joto, ukinzani wake hupanda kwa karibu robo, kwa hiyo koili ya sumaku huvuta kwa unyonge, na mguso uliokuwa wa kubahatisha ukawa haupo kabisa. Ile ethi yenye kutu ilikuwa inaipunguzia sumaku hiyohiyo volti. Nilipoisafisha nilinunua siku tisa.

Vipande viwili vipya vya shaba na pistoni yenye sahani yake: 12,000. Kazi yake: 25,000. Alitazama pia kaboni za mota, akasema zina urefu wa kutosha, akazirudisha. Nilimuuliza kwa nini asinishauri ninunue stata nzima ya mtumba, kama ambavyo nilikuwa nimeshajiandaa. Akainua mabega. "Hiyo ya mtumba nayo ina shaba ya zamani, dada. Utanunua ka ya mtu mwingine."

Aliniachia vile vipande vilivyolika. Viko nyumbani kwenye kopo la chenji, na mwanangu alivipeleka shuleni siku moja kumwonyesha mwalimu wa fizikia.

Miezi mitano imepita, mistari 400 na ushee kwenye daftari, safu ya "limegoma" ni tupu. Asubuhi bado nakwenda na pantoni. Mlango ukianza kushuka, kabla ya kugusa funguo, nageuka kidogo kuangalia nyuma kuona kuna wanaume wangapi wenye nguvu, na kama yule wa ndoo yupo.